Futi Kumi na Nne Zisizo na Mwenyewe

Ua wa miiba hutembea. Aliyekulia kwenye kuta za mawe au seng'enge ataona ninatania, kwa hiyo nitaeleza polepole, kama nilivyokuwa nikilieleza darasa la nne hesabu ya kugawanya: bila haraka, na bila kumcheka anayeuliza mara ya pili.

Unakata matawi ya mgunga, unayaburuta mpaka nyumbani, unayalaza chini yashikane. Hakuna shimo, hakuna msumari. Mchwa huanza kuyala kutoka chini siku hiyo hiyo. Baada ya mwaka, ua uliokufika kifuani unakufika magotini, na mbuzi wanauvuka bila hata kukutazama. Basi unaongeza matawi mapya juu ya yale mabovu, na kwa kuwa hakuna anayependa kuchomwa, unayasukuma kwa mti wenye panda, kutoka upande wako kwenda upande wa pili. Kila ukisukuma, ua unasogea kiganja kimoja. Husikii kitu, huoni kitu. Lakini umesogea.

Sisi wawili, mimi na jirani yangu, tulikuwa na ua mmoja kama huo katikati ya ploti zetu, pembeni mwa mji wa Isiolo. Yeye ni mjane, Mborana, anafanya biashara ya mbuzi. Mimi ni mwanamke wa Kiturkana, mwalimu mstaafu. Ua tuliurithi: mimi kwa baba yangu, yeye kwa baba mkwe wake. Kuutengeneza tulipokezana, mwaka mmoja mimi, mwaka mmoja yeye. Katika miaka yote hiyo hatukuwahi kuulizana mpaka uko wapi hasa. Ungeniuliza, ningekuonyesha miiba.

Mwaka nilioacha kazi nilimjengea mama yangu chumba cha mawe karibu na ua huo. Mama amezeeka, macho yake huona mwanga tu. Katika maisha yake alihama Kipsing kwa sababu ya kiangazi, akahama Leparua kwa sababu ya vurugu za malisho, na alipokanyaga sakafu ya chumba kile kwa mara ya kwanza aliipapasa kwa unyayo akasema, "Hapa ndipo pa mwisho. Mimi sihami tena." Alijifunza chumba kwa mikono: mlango, hatua nne, kitanda. Nje alifuata ukuta mpaka chooni, ukuta mkono wa kushoto, ua wa miiba mkono wa kulia. Nafasi ile ilikuwa nyembamba, miiba ikimshika leso. Kwa hiyo mwaka wangu ulipofika, nilisukuma ua kidogo zaidi ya kawaida. Nilijua ninachofanya. Nilijiambia ni kiganja tu.

Kisha wakaja watu wa ardhi.

Chifu alituita mkutano, na ofisa wa kupima, ambaye sisi humwita sevea, akaeleza utaratibu. Aliueleza vizuri, lazima nikiri, na mimi si mtu wa kusifu maelezo ovyo. Alisema kila mtu atapewa hati kufuatana na barua yake ya zamani ya ploti. Majirani wawili watasimama pamoja mpakani. Wakikubaliana, yeye atapiga chuma ardhini na mambo yatakuwa yamekwisha. Wasipokubaliana, majina yao yataandikwa kwenye orodha ya migogoro mpaka kamati iwasikilize, na mpaka siku hiyo hakuna kujenga na hakuna kubomoa.

Nilirudi nyumbani nikatoa barua ya baba. Futi hamsini upana, futi mia urefu. Nikaazima tepu ya fundi. Upande wangu wa nje uko kwenye barabara, na huko kuna mawe ya serikali ambayo hayajawahi kusogea, kwa hiyo nikaanzia hapo. Nilipima mara moja, nikapima mara ya pili, nikajisahihisha, nikapima mara ya tatu.

Futi hamsini na saba.

Yaani ardhi yangu iliishia futi saba kabla ya kuufikia ua. Nikachora mstari kwa fimbo mahali futi hamsini zilipokoma. Mstari ulifika kwenye chumba cha mama, nikaendelea ndani nikihesabu sakafuni. Ulipita katikati ya chumba. Mlango ulikuwa kwangu. Kitanda chote kilikuwa kwa jirani.

"Unatafuta nini chini?" mama akauliza kutoka kitandani.

"Sindano," nikasema.

Nilikaa na jambo hilo siku tano. Nililipigia hesabu kwa kila njia. Kusukuma kwangu kulikuwa kiganja, labda viwili. Futi saba ni nyingi mno kwa viganja viwili. Lakini nilikumbuka miaka mingine ambayo nilisukuma bila kufikiri, na miaka ambayo baba alisukuma, na nikaanza kuamini kwamba ukoo wetu wote ulikuwa ukiila ardhi ya wenzetu polepole kama mchwa. Nikinyamaza, sevea atauliza mpaka ni wapi, sote tutaonyesha ua, na chuma kitapigwa. Nikisema, mama atahamishwa. Wapo watakaosema jibu ni rahisi. Mimi nimefundisha watoto zaidi ya miaka thelathini wasinakili kazi ya mwenzao, na halikuwa rahisi.

Siku ya sita jirani yangu alikuja mwenyewe, alasiri, na chupa ya chai mkononi. Hakupitia lango, alipita kwenye pengo la ua, mahali tunapopita siku zote.

"Salaam aleikum, mwalimu."

"Aleikum salaam, dada. Karibu, kaa."

Hakukaa. Alisimama akiishika chupa kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, mimi nimekula shamba yako," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nimepima. Nimeanza kwa ukuta ya madrasa, ile ya mawe kule mwisho ya ploti yangu, haiwezi kudanganya. Barua inasema hamsini. Mimi niko na hamsini na saba. Wallahi sikujua. Ama nilijua kidogo. Mwaka yangu ikifika nilikuwa nasukuma hiyo miiba, mbuzi wapate pahali ya kulala. Nitasimama mbele ya Mungu na futi saba ya mwalimu kwa shingo?"

"Dada, ngoja," nikasema. "Mimi ndiye niliyekula yako."

"Wewe?"

"Mimi pia nina hamsini na saba."

Alinitazama. Kisha akakaa.

Nataka msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu sisi tulisimama hapa karibu saa nzima. Kama yeye amezidisha, basi mimi nimepungukiwa. Kama mimi nimezidisha, basi yeye amepungukiwa. Watu wawili wenye ua mmoja hawawezi wote kuwa wezi. Nilichora ploti mbili kwa fimbo mavumbini, akazifuta kwa mguu akachora zake. Tukaibeba tepu, tukaanza kwenye barabara mpaka madrasa, tukipita kwenye pengo la ua. Futi mia na kumi na nne. Barua mbili za hamsini ni mia. Tulikuwa na futi kumi na nne ambazo hatukujua zimetoka wapi.

"Labda tepu imevutika," akasema.

"Tepu ya chuma haivutiki."

"Basi dunia ndiyo imevutika."

Tulicheka mpaka mama akaita kutoka chumbani kutaka kujua kuna nini. Tukaingia, tukamweleza. Mama alisikiliza akiwa amelala chali, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeshangaa kuulizwa jambo dogo, "Si hapo ndipo palikuwa na zizi?"

"Zizi gani, mama?"

"La mbuzi. La kwetu na la kwao, moja. Fisi walikuwa wanatumaliza. Baba yako na yule mzee wao wakaweka zizi katikati, usiku mmoja analinda huyu, usiku mwingine yule. Ploti ya baba yako iliishia kwenye ukuta wa zizi upande huu. Yao upande ule. Mbuzi wetu walipokwisha kwa njaa, baba yako akapata kazi ya kulinda duka, zizi likaoza. Wakabakisha ua mmoja pale katikati. Wewe ulikuwa mgongoni."

Hapo nikakumbuka kwamba fundi alipochimba msingi wa chumba alikuta udongo mweusi mlaini, kina cha mkono mzima, akaniuliza kama tulikuwa na shamba la mboga. Ilikuwa mavi ya mbuzi ya miaka mingi.

Mzigo uliotuondoka siwezi kuueleza. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Kila mwaka wangu nilisukuma ua, na kila mwaka uliofuata yeye aliurudisha, na ule ua mpumbavu ulikuwa umebaki katikati ya zizi la zamani muda wote huo. Futi kumi na nne zilikuwa zetu sote. Jirani yangu akaketi kando ya kitanda, akamshika mama mguu kupitia blanketi, akasema, "Basi mama, tutamwambia huyo sevea ukweli, itakwisha."

Na hilo ndilo kosa letu. Tulidhani ukweli ukishapatikana kazi imekwisha.

Sevea alifika asubuhi ya siku yetu, akiwa amevaa kofia pana, na mfuko wa vyuma vilivyopakwa rangi nyekundu vichwani. Alikuwa mpole na alikuwa amechoka. Akasimama kando ya ua, akafungua kitabu chake.

"Kina mama, mpaka wenu ni huu ua?"

Kama tungesema ndiyo! Neno moja tu. Lakini mimi ni mtu wa kueleza. Nikamweleza kuhusu barabara na madrasa, fisi na zizi, na jinsi miiba inavyotembea. Nilimweleza vizuri, kwa mpangilio. Alisikiliza mpaka mwisho, akapima mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali.

"Hesabu yako ni sawa, mwalimu. Hapa katikati kuna futi kumi na nne. Ni zako?"

"Hapana. Barua yangu inaishia pale."

"Mama, ni zako wewe?"

"Hapana, yangu iko hamsini," jirani akajibu. "Hii ni yetu sisi wote."

"'Yetu wote' haina barua," sevea akasema, akaanza kuandika. "Ardhi ambayo haimo kwenye barua ya mtu ni ya umma. Kwenye ramani nitaiweka kama njia. Mtapata kichochoro kizuri cha kupita hapa, hata mkokoteni utaingia." Akainua kichwa akakitazama chumba cha mama, kama mtu aliyekiona sasa hivi. "Hicho kimeingia njiani. Kitatolewa."

Nami nikakitazama. Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti akiota jua, na sijui alisikia kiasi gani. Alikuwa ameuwekea ukuta mkono.

Ndipo jirani yangu akanigeukia.

"Wewe mwalimu! Toka kwa shamba yangu!"

Nilitazama nyuma yangu kuona anamwambia nani.

"Nasema toka! Hiyo futi kumi na nne ni yangu, ya baba ya bwana yangu, na wewe umejenga nyumba juu yake ukiniambia hadithi ya fisi!"

"Dada, tumesema..."

"Dada gani? Nani dada yako? Sevea, andika, huyu ni mwizi!"

Kalamu ya sevea ilisimama. Nilifikiri, kwa kweli nilifikiri, kwamba ameona nafasi akaichukua. Nilimtazama usoni nikitafuta hata kope moja ya mzaha, sikuipata. Aliniambia tu, kwa meno yaliyofungana, "Jibu." Ni sauti ile ile niliyokuwa nikimtolea mtoto anayejua jibu lakini anaogopa kuinua mkono.

Nikajibu.

"Yako? Tangu lini?" Sauti ilitoka nyembamba. Nikajaribu tena. "Hapo palikuwa na mbuzi wa baba yangu!"

"Baba yako alikuwa na mbuzi gani? Mbili, na moja kilema!"

"Wako ndio wamekula pazia langu la jikoni! Wamekula daftari za watoto!"

"Pazia! Sasa tuseme. Kila Jumapili redio yako inaimba mpaka mbuzi yangu inajua nyimbo yote ya kanisa!"

"Na moshi wako? Kila siku nguo zangu zinanuka kwato zilizochomwa!"

Watu walianza kusimama barabarani. Wanaume wawili waliokuwa wakisubiri abiria na pikipiki zao wakasogea, mmoja Mturkana, akaja akasimama nyuma yangu bila kuitwa. Mwingine, Mborana, akasimama nyuma ya jirani yangu. Niliogopa, maana katika mji wetu nimeona mambo yaliyoanza na mbuzi mmoja yakaisha vibaya. Jirani yangu aliwaona pia. Akawageukia wote wawili. "Nyinyi mmeitwa na nani? Hii ni maneno ya wanawake na miiba. Nendeni, abiria wenu wanapanda ya wengine!" Watu wakacheka, wale wawili wakarudi. Nikajua basi kwamba anaigiza. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo, nikakaribia kutabasamu.

Kisha akanirudia.

"Na bwana yangu alipokufa," akasema, "wewe ulisimama kwa lango. Watu wote wameingia. Wewe umeshika sufuria kwa lango kama mtu wa kuuza nyanya. Miaka ishirini tunakunywa chai, na siku hiyo hukuingia."

Hili halikuwa la kuigiza. Siku ile nilisimama langoni kwa sababu sikujua. Sikujua kama Mkristo anaruhusiwa kuingia, kama nivue viatu, kama nilie kwa sauti au ninyamaze, na nilidhani kukaa nje ndiyo heshima. Nilimpa mtu sufuria, nikarudi nyumbani nikiamini nimefanya vyema. Hatukuwahi kulizungumza.

"Sikujua," nikasema. Nadhani ni mimi tu niliyesikia.

Sevea alikuwa akigeuza macho kutoka kwangu kwenda kwake. "Lakini kina mama, sasa hivi mmeniambia si zenu."

"Ni yangu!" jirani akasema.

"Ni zangu," nikasema, baada yake kidogo.

Alipumua, akapiga mstari juu ya alichoandika, akageuza ukurasa kwenye orodha nyingine. Akaandika namba za ploti zetu. "Mgogoro," akasema. "Hakuna kujenga, hakuna kubomoa, mpaka kamati iwaite. Na tafadhali msipigane." Akakusanya vyuma vyake vyekundu akaenda ploti inayofuata.

Mama akauliza kutoka kizingitini, "Chumba kinabaki?"

"Kinabaki, mama."

Jirani yangu alikuwa ameshapita kwenye pengo la ua, akaenda kwake bila kuaga.

Nilimngoja jioni hiyo na chai. Hakuja. Kesho yake hakuja. Nilijifariji kwamba ni busara, watu wanatazama, majirani wenye mgogoro hawanyweshani chai. Lakini siku ya tatu nilimwona akilisha mbuzi, nikamsalimu kwa mkono, naye akaunyanyua mkono wake nusu tu, nikashindwa kujua nusu hiyo ni ya maigizo au ni ya kweli. Nilitafakari sana. Ukimwambia mtu uongo kwa maneno ya kweli, umemwambia uongo au ukweli? Nimewaeleza watoto mambo magumu mengi, lakini hilo sikuweza kujieleza mwenyewe.

Barua ya kamati ilikuja baada ya wiki kadhaa: wahusika wote wawili wafike ofisini kwa chifu. Asubuhi hiyo nilimkuta barabarani, amevaa buibui lake jipya. Tulianza kutembea, kwa kuwa ofisi ni moja na barabara ni moja.

"Tukifika usicheke," akasema, akitazama mbele. "Wewe ukianza kucheka, mimi siwezi."

"Sitacheka. Dada, ile ya lango..."

"Mwalimu."

"Ninataka kukuambia kwa nini sikuingia."

"Mwalimu, sisi tuko na kesi," akasema. "Mimi siwezi kuongea na wewe."

Akaongeza mwendo mpaka akawa hatua kumi mbele yangu, kama inavyotakiwa kwa watu wanaogombania ardhi. Nilimfuata. Mara moja nilidhani mabega yake yanatikisika, lakini kutoka nyuma, ndani ya buibui, sikuweza kujua ni kicheko au ni kitu kingine, nami nilikuwa nimekatazwa kuuliza.